Verlin na Kamshafti ya Kunguruma

Ukitaka kumchukia Verlin Stubbs kwa muda wa saa moja tu, simama naye kaunta siku anayochagua vipuri. Mimi nimesimama naye miaka kumi na tisa, katika karakana ya dada yake Nadine ninakofanya kazi, hapa Galion, Ohio, na bado namsalimia. Mkiona hivyo mjue mimi ni mtu wa subira.

Verlin alikuwa na miaka sitini na saba, meno ya bandia juu na chini, na Pontiac ya mwaka 1969 aliyoinunua mpya alipotoka jeshini. Miaka thelathini na minne alifanya kazi kwenye kiwanda cha kubonyeza milango ya magari, kando ya mtambo ulioshuka kwa kishindo kila baada ya sekunde nne. Alipostaafu akagundua kwamba mji mzima umeanza kumung'unya maneno. Mkewe alimung'unya, mchungaji alimung'unya, hata televisheni ilimung'unya, mpaka akaifungulia sauti ikawa inasikilizwa na jirani wa nyumba ya tatu.

Adui yake alikuwa Lyle Hatcher, muuza bima mwenye meno yake mwenyewe na Chevrolet nyekundu. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi Mei walikimbizana robo maili kwenye uwanja ulio nyuma ya mashamba ya soya. Anayeshinda huegesha gari chini ya bango la kibanda cha aiskrimu kila Ijumaa, kiangazi kizima. Anayeshindwa huegesha kando ya mapipa ya taka. Verlin alikuwa amekaa kando ya mapipa viangazi vitatu mfululizo, kwenye kiti chake cha kukunja, akifukuza nyigu kwa kofia.

Halafu mwezi Januari, kwenye chakula cha hisani cha kikosi cha zimamoto, Lyle akamwambia mbele ya watu, na safari hii hakumung'unya hata kidogo, kwamba yuko tayari kumpunguzia aibu kwa kulinunua gari lile. Verlin akapandwa na hasira, akaweka bakuli la maharage mezani, akampa mkono: nikishindwa mwaka huu, gari ni lako kwa bei utakayo. Mjinga yule. Nilikuwepo, nilimvuta koti, hakugeuka.

"Atalitia ofisini kwake," alituambia siku alipokuja na orodha yake. "Atalizungushia kamba. Watu watakuja kulipia bima na kulitazama kama maiti."

"Ndiyo maana unataka turbo," Nadine akasema.

"Ndiyo maana nataka turbo."

Nadine alikuwa mdogo wake kwa miaka minane, na hakuwahi kumheshimu mtu kwa sababu ya umri wake tu. Alivuta kalamu sikioni, tukaanza. Pistoni: za kufuliwa kwa kupondwa, zenye kichwa kilichobonyea, maana turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini na pistoni za zamani zingepasuka. Verlin akakubali. Gasketi za chuma, akakubali. Pampu kubwa ya petroli, akakubali, ingawa alitaka kujua kwa nini haina rangi ya kupendeza. Ilituchukua asubuhi nzima, na chungu kizima cha kahawa, kufika kwenye kamshafti.

Hapo ndipo upumbavu wote wa mji huu unapokaa. Kamshafti ndiyo inayofungua valvu na kuzifunga. Ukiweka kubwa, injini ikiwa imesimama mahali pamoja hunguruma kwa kudundadunda, du-du-dum, gari linatikisika kama lina homa, na pale kwenye aiskrimu wazee wanatikisa vichwa kwa heshima. Watu hapa wamekosa mke kwa sababu ya mlio ule, na hawajutii. Lakini kamshafti kubwa huacha valvu ya kuingiza na ya kutoa zikiwa wazi pamoja kwa kitambo. Kwa turbo, hewa uliyohangaika kuisukuma inaingia huku na kutokea kule. Unamimina chai kwenye kikombe kilichotoboka.

"Ndogo," Nadine akasema.

"Kubwa," Verlin akasema.

"Itakula nguvu yote ya turbo, wewe mzee. Utashindwa kwa gharama kubwa zaidi."

"Nadine, hiyo ndogo yako inafanya injini ilale kama friji. Sitaki friji."

"Mwenye kelele hana neno. Lyle atakupita huku unanguruma."

"Unasemaje? Acha kumung'unya."

"Nasema sikio la kufa halisikii dawa," Nadine akamjibu, akaenda zake kwenye mashine. Hivyo ndivyo tulivyoendelea kwa wiki mbili. Vipuri vingine vyote vilikuwa vimefika, vimepangwa juu ya meza kwenye karatasi za mafuta, na injini haikuweza kufungwa kwa sababu ya chuma kimoja chenye urefu wa mkono.

Alhamisi moja Verlin akaomba pikapu ya Nadine akachukue mbao. Ni pikapu mpya, iliyotulia. Tulikuwa mlangoni tunamtazama. Akakaa, akawasha. Injini ikawaka vizuri tu. Yeye akangoja kidogo, akakunja uso, akazungusha ufunguo tena.

Anayejua magari anajua ni mlio gani huo wa chuma kusaga chuma, kuwasha injini iliyokwisha kuwaka. Mbwa wa ng'ambo ya barabara alisimama. Verlin hakupepesa hata jicho. Akauzungusha mara ya tatu.

Nadine alienda akasimama nyuma ya dirisha lake, mahali asipoweza kumwona. "Verlin," akasema kwa sauti ya kawaida, "banda linaungua na mkeo yuko ndani." Verlin akaendelea kuuangalia ufunguo.

Nilitaka kucheka. Nilipomwona Nadine uso wake sikucheka. Alizunguka mpaka mbele, akaingia, akakaa kando yake, akamshika mkono na kuuweka juu ya dashibodi ili apate ule mtetemo mdogo.

"Imewaka," akamwambia, akitamka wazi.

"Najua imewaka."

"Hukujua. Tangu lini?"

Verlin aliuacha mkono pale pale juu ya dashibodi. "Langu silihitaji kulisikia," akasema. "Langu likiwaka nalijua kwa makalio. Ukinitilia hiyo kamshafti yako ya friji, Nadine, nitakaa humo ndani kama nimekaa sebuleni. Sitajua kama lipo." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Tia ndogo. Bora nilikose hivyo kuliko nilikose kwa Lyle."

Basi kumbe ndiyo maana miaka mitatu uwanjani alikuwa anachelewa kubadili gia na kupitwa na Lyle. Alikuwa akisikilizia injini aliyokuwa haisikii, na mshale wa kuonyesha mizunguko aliudharau, akisema ni wa watoto wa shule. Nilijisikia vibaya kwa kila neno nililowahi kumsemea mgongoni, isipokuwa machache aliyoyastahili.

Nadine akatia kamshafti ndogo. Kisha, bila kumwambia mtu, akazitoa zile raba nene ambazo injini huzikalia ili isimtikise dereva. Mahali pake akakata vipande vya bamba la chuma, akavichonga mwenyewe, akafunga injini chuma kwa chuma na mwili wa gari.

Siku ya kuliwasha Verlin aliingia kama mtu anayeingia kanisani kwa mazishi. Akazungusha ufunguo. Sisi nje tulisikia injini tulivu, ya kistaarabu, ya bibi anayekwenda sokoni. Ndani, usukani ulikuwa ukimtetemesha mpaka mabegani. Meno ya chini yakamruka, yakaangukia mapajani. Hakuyaokota. Alikaa humo dakika ishirini, anakanyaga na kuachia, kidogo kidogo, machozi yakimtoka, mdomo wazi bila meno, na mimi sijapata kuona kitu kibaya cha kutazama kilichonifurahisha kiasi kile.

Jumamosi ya Mei meno aliyaacha kwenye kikombe. Walipoondoka kwenye mstari Lyle alitangulia. Gia ya pili Verlin aliipiga mahali pake hasa, ya tatu vilevile, turbo ikakohoa na kushika, na ile Pontiac ikapita mbele kwa nusu ya gari ikiwa imebaki hatua chache.

Lyle alikuja kumpa mkono mbele ya watu wote, akasema jambo kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyosema jambo asilopenda kulisema. Tukangoja Verlin amwambie aache kumung'unya. Verlin akavua kofia ya chuma.

"Sema kwa nguvu, Lyle," akasema. "Mimi ni kiziwi."

Mkewe, aliyekuwa jukwaani, alijishika mdomo. Lyle akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta pumzi, akapaza sauti, na uwanja mzima, mpaka kwenye foleni ya soseji, ukasikia kwamba ameshindwa.

"Mara moja tena," Verlin akasema.