Mvua ya Ghalani

Jana niliacha jalada la nailoni karibu mno na balbu. Likaanza kunuka kuungua, na harufu ile ikanirudisha ghalani.

Lilikuwa ghala la pamba la ushirika, tupu tangu wanunuzi binafsi walipoanza kusimika mizani zao barabarani. Shule yetu iliigizia humo mchezo wa ukame, mchana wa jua kali, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Mvua ilikuwa kazi yangu. Nilikaa peke yangu nyuma ya shuka jeupe na karabai inayowaka. Nikiifunika kwa nailoni ya bluu, wingu linatanda. Nikiifunua ghafla, radi inamulika, huku natikisa bati kwa mguu.

Mama alikaa mbele. Nilikuwa nimemwambia, "Mwishoni nitatoka, utaniona."

Radi ilipomulika vizuri, mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mbula! Mvua! Pamba yangu iko nje!"

Kila nyumba ilikuwa imeanika, na wanunuzi hawakugusa pamba iliyolowa. Wazazi wote wakatoka mbio. Mwalimu na waigizaji wakawafuata kuwarudisha. Mimi sikuelewa kilichotokea, nikaendelea kunyesha hadi mwisho. Kisha nikatoka, nikainama kama nilivyofundishwa, mbele ya mabenchi matupu na mlango uliojaa jua.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa kando ya pamba aliyoiingiza ndani, bado anahema.

"Mayu, umeiona ile mvua?" nikamuuliza.

"Nimeiona, mwanangu. Sijui imepitia wapi."

Nikanyoosha kidole upande wa mji wa Lagangabilili.