Asubuhi Mafuta Yalipojifanya Sabuni

Baridi ya asubuhi ile ilikuwa ya kung'ata masikio. Mama Povu alifungua chumba chake cha kupikia sabuni, akashika kichwa. Sufuria ya mafuta ya nazi aliyoyatia mchaichai na kuyaacha usiku ilikuwa tupu, imekwanguliwa mpaka inang'aa!

"Baba watoto! Mafuta yangu yako wapi?"

"Mafuta gani?" mumewe akajibu, kifua mbele kama jogoo. "Nimekuta sabuni imeiva, nikaikata vipande, nikaipiga muhuri, nikaichanganya na zile za mwezi uliopita. Mgeni wako atakuta sinia limefurika!"

"Ole wangu! Hayo ni mafuta yameganda! Kostiki ya kuyageuza sabuni sijatia hata chembe!"

Wakalitazama sinia. Vipande vyote vyeupe pepepe, vyote vinanukia mchaichai. Pacha watupu! Na mwenye nyumba ya wageni alikuwa njiani. Sabuni ikimpendeza leo, ataichukua kwa vyumba vyake vyote. Akinawa kwa kipande cha mafuta, basi tena.

"Tuvibonyeze," mume akanong'ona.

"Tuviache na mashimo ya vidole? Sogeza sinia karibu na jiko!"

Kwa miaka yake yote ya kupika sabuni, Mama Povu alikuwa ameungua mikono na kutoboa sufuria za mama mkwe, lakini hili alilijua kama jina lake: mafuta yakiganda ni mafuta yaleyale, yamevaa koti tu, yapashe, yatalivua. Ila yakishaoana na kostiki, huzaliwa kitu kipya kabisa, na hakuna moto utakaokigeuza kuwa mafuta tena.

Wakachuchumaa, macho kodo. Kipande kimoja kikatoa jasho.

"Huyo! Mkamate!"

"Na yule wa pembeni, analegea!"

"Mwingine huyu! Kumbe ulikata mengi hivi, mwanaume wewe?"

Walaghai wakayeyuka mmoja mmoja, wakarudishwa sufuriani. Sabuni za kweli zikabaki kavu, hazina habari. Wakazipangusa chapuchapu.

"Hodi!"

Mgeni hakuketi hata. Akachagua kipande mwenyewe, akanawa kwenye beseni. Povu likapanda, likapanda, likafika kwenye viwiko!

"Vyumba vyote, mama! Vyote!" Akamgeukia mume kwa furaha. "Hongera shemeji, nipe mkono!"

Mume akaficha viganja mgongoni, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye visigino.

"Ngoja kwanza," akasema, "na mimi niijaribu hiyo sabuni."