Vitenge Mpaka Kilaloni

Mke wangu Bibiane ana maoni. Nalisema mapema ili mtu asije kunilaumu. Ana maoni juu ya uchaguzi, juu ya vita vya mashariki, juu ya simu, juu ya shule, na juu ya namna ninavyokunja suruali yangu. Nilimwoa nikiwa bado kijana wa kiwandani, leo niko pensheni, na sijaona siku aliyokosa la kusema, ila moja. Mtaani kwetu hapa Likasi hakuna anayesema "kwa Papa Urbain". Wanasema kwa Mama Bibiane wa redio.

Wa redio, kwa sababu kila asubuhi redio ya mtaa inapokea simu za wasikilizaji, na kila asubuhi yeye yumo. Mtangazaji akisikia tu ile "Jambo" yake, anaanza kucheka. Hapo ujue chai yangu itapoa.

Siku moja aliamka na habari ya magari yasiyotumia mafuta. "Banasema kule Ulaya gari inatembea na batri, na batri inatoka mu mawe ya kwetu," alisema, mkono kiunoni kana kwamba mtangazaji anamwona. "Muzuri, minye sina wivu. Lakini mawe yetu inatembeza gari kule, na minye hapa niko napika na makala! Weye unaona iko sawa?" Makala kwetu ni makaa. Siku nyingine ilikuwa zamu ya maroboti yanayosimamisha magari Lubumbashi. Hayo aliyasifu. "Roboti njo polisi muzuri," akasema, "njaa haimushikaka." Mtaa mzima ulicheka, na mimi nikajificha nyuma ya nyumba, maana mpangaji wetu ni polisi.

Mimi sipendi siasa. Napenda kukaa kimya na kikombe changu. Lakini kuna jambo moja lililonisumbua hata mimi, nalo ni kilalo.

Kilalo ndilo jina letu la daraja dogo. Chetu kilikuwa juu ya kijito kinachokata avenue yetu, yaani barabara ya mtaa, na ng'ambo yake ndiko iliko nyumba ya uzazi. Mvua kubwa ilikibeba chote, ikatuachia magogo mawili ambayo vijana waliyalaza tu. Mtu mwenye miguu mizuri anavuka huku akiomba Mungu. Pikipiki haivuki. Na mwanamke mwenye uchungu? Jirani yetu Reine alizaa palepale ukingoni, chini ya mwavuli, banamama wakimzunguka na vitenge vyao. Mtoto mzima, mama mzima, tukashukuru, lakini tangu siku ile hakuna aliyesahau.

Sasa binti yetu Chérie alikuwa amerudi kutoka Kapolowe, kwa mume wake mkulima, aje kuzalia kwa mama yake, maana mimba ya kwanza kwetu inakwenda hivyo. Na mimba ile alikuwa ameingoja miaka, watu wakisema maneno, mashemeji wakinuna. Kila nilipomwona akishika kiuno, niliyaona yale magogo. Niliogopa, nisifiche. Niliogopa sana.

Bibiane alikwenda ofisi ya komini, serikali ya eneo letu, mpaka mlinzi akamzoea. Kila mara jibu ni moja: mkuu anajua. Casimir, kijana wetu aliye Lubumbashi, alikuwa amemwekea kwenye simu ile akili ya mashine inayojibu kila swali. Basi Bibiane akaishika simu kwa mikono miwili, akaiuliza kwa sauti ya kanisani: kilalo chetu kitajengwa lini? Mashine ikawaza kidogo, ikajibu kwa Kiswahili safi kama cha Tanzania: tafadhali wasiliana na mamlaka ya eneo lako.

"Mawee! Na yeye pia ananituma ku biro!" akapiga kelele. "Bamemufundisha wapi, ku komini?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka. Alikaa, akatazama tumbo la Chérie, kisha akasema, "Urbain, mukubwa anajua na masikio. Miguu yake haiyajua."

Wiki ileile redio ikatangaza kwamba mkuu wa komini, bourgmestre mwenyewe, atakuja kufungua chumba cha intaneti kwenye shule ya sekondari, kule mbele kwenye lami. Angepita pale kwenye kona ya avenue yetu, ndani ya jeep, vioo vimepandishwa, kama wanavyopita wote. Bibiane akafunga kitambaa kichwani, akaenda kuwaita banamama wa Kipendano, chama cha wanawake wa kanisa letu la Metodisti. Waliporudi kwangu uani wakinong'ona, nikajua mambo yameharibika.

"Bibiane," nikamwambia, "unajua Buluo haiko mbali? Gereza lina nafasi."

"Banafunga mutu juu ya kutandika bitenge? Ni sheria gani ile? Unionyeshe."

Kwetu mgeni wa heshima akifika, wanawake humtandikia vitenge chini asikanyage vumbi. Na mgeni hapitishi gari juu ya kitenge cha mama wa watu. Anashuka, anatembea, anatabasamu. Akikataa, amewatukana wote, pamoja na waume zao.

Siku yenyewe jeep ikatokea, na pale kwenye kona barabara yote ilikuwa vitenge, vyekundu, vya buluu, vya kijani, na banamama wakiimba kwa nguvu zao zote. Jeep ikasimama. Mkuu akashuka, mtu mnene mwenye uso wa furaha, amevaa viatu vinavyong'aa. Alifurahi kweli! Aliinua mikono, akacheza kidogo, watu wakashangilia. Akaanza kutembea juu ya vitenge.

Ila vitenge havikuendelea na lami. Vilikata kushoto, vikaingia avenue yetu.

"Mkuu, shule iko mbele," akanong'ona Jean-Luc, kijana wa itifaki mwenye tai.

"Banamama bananingoja," mkuu akajibu, akakata kushoto.

Nyuma yake wanawake waliokota vitenge, wakakimbia wakavitandika tena mbele. Penye shimo, walitandika ndani ya shimo. Mkuu akashuka nalo, akapanda nalo. Penye jiwe, juu ya jiwe. Tabasamu likaanza kutoka jasho. Mimi nilikuwa nimekusudia kubaki nyumbani, lakini nilijikuta katikati ya watu nikipiga makofi kama mwehu.

Wakafika kijitoni. Kitenge cha mwisho kilikuwa kimelazwa juu ya magogo. Wimbo ukakatika. Ukingoni alisimama Chérie, mikono chini ya tumbo lake.

"Papa mukubwa, karibu," akasema Bibiane. "Vuka."

Mkuu akatazama magogo, akatazama viatu vyake. Jean-Luc, kijana mwenye bidii, akasema ajaribu kwanza. Hatua ya pili gogo likazunguka, na Jean-Luc akaingia kwenye tope mpaka kiunoni, tai ikielea. Kila mtu akauma midomo. Aliyeanza kucheka ni mkuu mwenyewe, tena kwa sauti, na hapo basi, avenue nzima ikapasuka. Hata Jean-Luc alicheka mle topeni. Reine akamwazima kitenge, na ndivyo alivyokwenda kufungua intaneti, tai juu, kitenge cha maua chini.

Kicheko kilipotulia, Bibiane alikuwa hacheki. "Huyu ni mutoto wangu," akasema. "Siku buchungu itamukamata, njia yake njo hii. Hakuna ingine. Minye sikuombe maneno, papa, maneno niko nayo mingi. Nilitaka tu miguu yako ijue."

Sauti ilimvunjika pale mwisho. Sikuwa nimepata kuisikia ikivunjika mbele ya watu. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya, kisha nikaushika hivyo hivyo.

Mkuu akapangusa uso. "Mama, mumenikamata," akasema.

"Eeh, papa. Tumekukamata."

Hakutoa hotuba. Alimsogelea Chérie, akamuuliza jina, akamwambia mbele ya wote kwamba kilalo kitatangulia mtoto. Nilisema moyoni, haya, tumesikia mengi. Lakini kabla juma halijaisha, lori lilileta mabomba ya saruji na waashi. Bibiane alishinda pale akiwaonyesha kazi. Fundi mkuu akaniuliza kama mama yule ni injinia. Nikamjibu hapana, ni mke wangu, vumilia kama mimi ninavyovumilia. Redioni alimshukuru mkuu vizuri sana, na kabla ya kuvuta pumzi akaulizia taa za barabarani.

Uchungu ulimshika Chérie asubuhi moja akichambua mchicha. Pitshou, dereva wa pikipiki, alimbeba pamoja na mama yake nyuma, wakaondoka wakipiga honi. Mimi nilibaki kukusanya nguo za mtoto na termosi ya uji, na alasiri nikafuata kwa miguu. Niliposikia simu, nilikuwa nimefika kilaloni.

"Urbain! Mutoto mwanamuke!" Bibiane alikuwa analia na kucheka. "Bote babili bazima! Tulipita mbio, Urbain, hata hatukusimama! Unasikia? Hatukusimama!"

Halafu akanyamaza. Bibiane wangu, akakosa la kusema. Nilisimama juu ya saruji ile, uji mkononi, machozi yakinitiririka bila haya. Nyuma yangu honi ikalia, kengele ya baiskeli ikafuata, na kijana mmoja mwenye magunia ya makala akapaza sauti.

"Papa, weye unasimama katikati ya kilalo juu ya nini? Acha bantu bapite!"

Nikasogea pembeni, wakapita.