Sauti ya Mwanaume Jikoni

Ilianza Jumatano, saa tisa na nusu mchana, kwetu Bulengera. Mama alikuwa shambani. Nilikuwa chumbani nikirudia somo la biolojia, mabadiliko ya kubalehe, niliposikia sauti nzito ya mwanaume jikoni.

Nilikuwa na mashaka tayari. Wiki mbili mdogo wangu Mumbere hasemi na mtu, anatikisa kichwa tu. Kwaya, alikoimba sauti ya juu, ameacha. Na anabeba bugali ya watu wawili kwenda nayo chumbani kwake. Nikajua: anaficha askari aliyetoroka vitani! Askari wenzake wakimkuta kwetu, watachoma nyumba.

Nikatoka kwa dirisha, nikaokota sufuria uani, nikaigonga kwa nguvu, kama tunavyofanya sote wakati wa hatari. Mtaa mzima ukajibu kwa masufuria. Wababa wakafika na mapanga.

"We wa ndani, toka! Mikono juu!"

Akatoka Mumbere peke yake, mikono juu, ameshika kitabu cha nyimbo.

"Musinikate," alisema kwa ile sauti nzito, kisha ikapasuka kama ya kifaranga. "Nilikuwa najaribu wimbo. Sauti ya juu haitoki tena."

Jirani yetu Mama Kavira akanigeukia. "Masika, lakini kule shule ya segondere munasomaka nini? Mutoto anakomaa, unamuitia mapanga!"

Kesho yake asubuhi nilipita mlango kwa mlango kuomba samahani. Kila mtu aliniuliza: "Askari wako amelala muzuri?"

Nikamalizia chumbani kwa Mumbere. Nikagonga.

"Ondoka," akajibu. Safari hii niliitambua sauti.