Picha Moja Iliyokaa Sawa

Mama Mdogo aliona likizo za watu wengi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na karibu zote aliziona akiwa amekaa kwenye stuli, katika chumba cha nyuma cha studio, mlango umefungwa. Alikuwa msafishaji wa picha. Zamani alisafisha filamu kwa dawa, kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu. Baadaye ikaja mashine, kisha kompyuta, naye akahama nazo bila kunung'unika. Watu waliporudi kutoka milimani, ufukweni au kwa wakwe, walimletea kamera zao. Yeye alikaa na furaha zao zilizotikisika, zilizoungua kwa jua au kumezwa na giza, akazitafutia nafuu.

Alifariki mwaka huu, kabla shule hazijafungwa. Mungu amlaze mahali pema. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, ameniomba niandike habari zake wakati bado tunazikumbuka vizuri. Naanza na kazi yake kwa sababu mwenyewe angeanzia hapo.

Kazi ile ilikuwa na mipaka, na aliijua. Picha iliyoingia giza aliweza kuiinua, maana gizani huwa kumebaki kitu. Iliyoungua kwa jua, pale palipokuwa peupe kabisa, hapakuwa na cha kurudisha. Halafu kulikuwa na kunoa. Ndivyo walivyokuita studioni kuzifanya kingo za vitu zionekane kali zaidi. Kunoa alikufanya mwisho, tena kidogo, kama mtu anayeongeza chumvi mboga ikiwa tayari mezani. Ukizidisha, alisema, uso wa mtoto unakuwa kama gome la mti. Na picha ambayo mtu alisogea wakati inapigwa hakuinoa kabisa. "Hapo hakuna cha kunoa," alimwambia mwenzake wa studio. "Nitakuwa nachora, na mimi si mchoraji."

Kaunta aliipenda kuliko chumba cha nyuma, kwa sababu ya maneno. Siku moja dereva wa lori alimrudishia bahasha.

"Mama, huyu siye mke wangu. Mke wangu ana uso."

"Anao. Ulimsimamisha mbele ya dirisha. Kamera ni mlafi, inakimbilia kinachong'aa, wengine wanalala njaa."

"Sasa nifanye nini, nibomoe dirisha?"

"Mgeuze mke, baba. Dirisha liache."

Watu walicheka, na dereva naye akacheka. Safari iliyofuata alileta mke mwenye uso.

Mtu mmoja tu hakuweza kumfundisha, naye ni mume wake.

Baba Mdogo ni kinyozi. Mkono wake ukishika wembe hauchezi. Amenyoa nusu ya mtaa na hajamtoa mtu damu. Lakini mkono huohuo ukishika kamera, anabonyeza kama anayeua mbu. Tena anapenda jua liwe nyuma ya watu, ili maji yang'ae. Kila likizo ndefu familia yetu ilikwenda kwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, na kila mara tulirudi na ziwa zuri sana na mbele yake vivuli vilivyosimama mstari.

"Shemeji," mama yangu alimuuliza mara moja, albamu ikiwa magotini, "hapa umepiga watu au umepiga nguzo?"

"Wewe angalia maji hayo, shemeji. Maji kama hayo unayapata wapi?"

"Maji nimeyaona. Namtafuta mama yangu mzazi."

Katika likizo yao ya kwanza baada ya kuoana, Mama Mdogo alikuwa amejaribu kumwelekeza mbele ya wakwe. Alimwambia tu, "Njoo huku, jua likae mgongoni kwako." Yeye akaifunga kamera, akaiweka kwenye mkoba, na safari nzima hakupigwa mtu. Katika mengine yote alikuwa mpole, hata watoto walimpanda kichwani. Kwenye picha tu ndipo penye kidonda chake: hakutaka kuwa mume asiyejua kitu ambacho mke wake alikijua mbele za watu. Mama Mdogo aliliona hilo, akanyamaza, na tangu siku hiyo alinyamaza.

Kunyamaza kwake lakini kulikuwa na mikono. Picha za mumewe zilikuwa na ukungu mwepesi ambao wateja wengine hawakuwa nao, na kwa muda mrefu alidhani kamera imezeeka. Walinunua nyingine; ukungu ukaja nayo. Mwishowe aliinusa. Ilikuwa mafuta ya nywele. Kinyozi alikuwa akigusa kioo cha kamera kwa vidole vya kazini. Hakumwambia. Kila walipofunga mizigo, yeye ndiye aliyeiweka kamera kwenye mkoba, na kabla ya kuiweka alikifuta kioo chake kwa kitambaa laini.

Mwaka jana daktari alimwambia ugonjwa wake ulikofikia. Alirudi nyumbani, akasali, akapika, kisha akatuambia. Baba Mdogo alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, halafu akaenda kufungua duka lake la kunyoa kama kawaida. Habari hiyo hakuizungumza tena na mtu. Nyumbani kwao ikawa hivyo: wote wanajua, na hakuna anayelitaja jambo hilo akiwepo mume.

Likizo ilipokaribia, Mama Mdogo alikuwa chumbani akikunja nguo na mama yangu, nami nilikuwa napiga pasi.

"Dada, safari hii nataka picha moja iliyokaa sawa. Moja tu, nikiwa na wanangu. Wasije wakanitafuta kwenye kivuli."

"Mpe kamera mtu wa mapokezi atupige. Dakika moja tu."

"Nikimpa mtu mwingine kamera safari hii, dada, mume wangu ataelewa nimemwambia nini."

Mama yangu alielewa. Kumnyang'anya kamera ilikuwa ni kumwambia hadharani kwamba hii ni ya mwisho, na kwamba ya mwisho haaminiwi nayo.

"Basi mwambie ukweli jinsi ya kupiga. Si mtoto."

"Ataifunga kwenye mkoba. Wewe humjui?"

"Sasa utafanyaje?"

"Mungu atanipa njia," akasema, akaendelea kukunja shati. Kisha, kama aliyekumbuka kitu, akachukua kamera, akaifuta.

Siku ya pili kule ziwani, baada ya chai, Baba Mdogo alitoka na kamera shingoni na kutuita ufukweni. Jua lilikuwa juu ya maji, pale pale anapolipenda. Bibi, mama mzazi wa Mama Mdogo, alianza kuinuka. Mama Mdogo yeye hakuinuka. Alikuwa kwenye benchi refu barazani, chini ya paa, akitazama ua uliojaa mwanga.

"Baba watoto, jua la huko linaniumiza macho leo. Tupige hapahapa."

"Hapa ziwa halionekani!"

"Ziwa umelipiga miaka yote. Limebadilika nini?"

"Limenenepa," akadakia Bibi, na wote tukacheka. Baba Mdogo naye akacheka, akaja.

Pale barazani mwanga uliingia kutoka uani ukiwa laini, ukagusa kila uso sawasawa. Mimi sikulijua hilo wakati ule. Niliona tu mgonjwa aliyechoka kutembea. Akatupanga akiwa amekaa, kwa kidole: Bibi mwenye kilemba cheupe akahamia pembeni, watoto wakaja karibu, mtu wa shati jeusi nyuma.

"Na wewe usisimame hapo kama askari wa zamu," akamwambia mumewe. "Unatutisha. Vuta kiti, tulingane."

Alivuta kiti, akakigeuza na kukaa kwa kukipanda kama farasi, viwiko vyote viwili vikaegemea mgongo wa kiti. Kamera ikatulia mbele ya uso wake. Nilimwona Mama Mdogo akivitazama viwiko vile.

"Haya, mtulie!" akasema Baba Mdogo, na kidole kikaanza kuinuka juu, kile kidole cha kuua mbu.

"Hawatulii hivyo," akasema Mama Mdogo. "Waambie kama unavyowaambia wateja. Lile neno lako la sikioni."

Unyoaji wake wote tunaujua. Wembe ukifika nyuma ya sikio, husema, "Tulia, nazunguka sikio," kisha yeye mwenyewe hushika pumzi, na mkono wake unakwenda polepole kama wa mtu anayebeba yai.

"Huku hakuna sikio, bibie."

"Yapo mengi tu. Sema."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Halafu akasema kwa sauti ileile ya kazini, "Tulieni, nazunguka sikio." Tukatulia kweli. Nikaona mabega yake yamesimama, ameshika pumzi. Kidole kikashuka taratibu.

Wakati huohuo kitinda mimba wao, binti mwenye kofia pana, akainamisha kichwa, na kivuli cha ukingo kikamfunika macho. Mama Mdogo akanyoosha mkono, akainua ule ukingo.

Kamera ikalia.

"Imetoka!" akasema Baba Mdogo. Tangu enzi za filamu hakupiga picha moja mara mbili. Alisema anayejua kunyoa hanyoi kichwa kilekile mara mbili siku moja.

Mama Mdogo aliomba kamera. Akaikuza picha kwenye kile kioo kidogo, akapita uso mmoja mmoja: Bibi, wanawe, mama yangu, mimi. Alipofika alipokaa yeye akakaa hapo kwa muda. Kisha akaizima kamera na kumrudishia mumewe.

"Umepiga vizuri, baba watoto. Hii ndiyo."

Baba Mdogo alitembea siku nzima kifua mbele.

Tulipomzika, ndugu walitaka picha kubwa ya kuweka sebuleni. Baba Mdogo akasema anayo, tena ameipiga mwenyewe, na nikamsindikiza studio. Mwenzake Mama Mdogo aliifungua kwenye kompyuta, akiwa amekaa kwenye stuli ileile. Ikajaa kioo chote. Mikunjo ya uso wa Bibi ilihesabika. Vifungo vya mashati vilikuwa na matundu na uzi. Katikati ya watu wote wale, Mama Mdogo peke yake alikuwa na kingo mbili za uso, na mkono wake ulikuwa kama moshi.

Baba Mdogo alisogea karibu na kioo. "Mnoe huyu."

"Hanoleki, mzee wangu. Alisogea."

"Mke wangu alikuwa ananoa picha za watu kila siku kwenye kiti hicho."

"Za waliosogea hakunoa. Nikilazimisha nitachora mtu mwingine, naye ndiye aliyenikataza. Nikitaka kukusaidia, nitachukua uso wa picha ya kitambulisho, niubandike hapa. Hautajulikana sana."

Baba Mdogo alikuwa akiutazama ule mkono.

"Alikuwa anafanya nini hapa?"

"Anamfungulia mtoto mwanga. Angalia macho ya binti, yalivyo safi. Bila mkono huo, yangekuwa giza tupu."

Feni ya kompyuta ilisikika. Kisha akaanza kusema, na sikujua kama anasema nasi.

"Benchi ni yeye. Kiti ni yeye." Akajishika kiwiko. "Hata sikio ni yeye."

Nilitazama pembeni. Mwenzake Mama Mdogo akaondoa mkono kwenye kompyuta, akangoja.

"Ichape hivyohivyo," akasema Baba Mdogo mwishowe. "Usiguse kitu."

Sebuleni haikukaa. Aliipeleka dukani kwake, akaitundika juu ya kioo kikubwa, mahali ambapo kila anayekaa kwenye kiti lazima aione. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana nilidhani ataificha. Juzi nilipita kumpelekea chakula nikamkuta akimnyoa dereva wa lori, yuleyule wa dirisha.

"Kinyozi," dereva akasema, macho juu, "wewe fundi wa mkono, mbona umemtikisa mtu katikati?"

"Huyo aliyetikisika ndiye aliyepiga picha," Baba Mdogo akasema. "Mimi nilibonyeza tu. Tulia sasa, nazunguka sikio."