Kishikwambi Kisicho na Cheti

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja huku Nzuguni. Mbele yangu alisimama mama aliyetoka Kibakwe kusalimia nduguze, mgongoni kambeba mtoto anayechemka homa. Alitoa kadi ya bima na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akaviweka mezani.

Dada wa mapokezi akabonyeza kishikwambi kipya, akakunja uso. "Samahani mama, kimegoma. Hakina cheti."

"Cheti si hicho hapo, mwanangu?"

"Hicho ni cha mtoto. Nasema cha kishikwambi chenyewe. Bila hicho mtandao haukitambui."

Fundi wa kompyuta akaitwa. Alitueleza kwa upole kwamba siku hizi vifaa vyote vinasimamiwa kutoka mawinguni, yaani kwenye kompyuta za mbali, ila mfumo unaotoa vyeti na mfumo unaosimamia vifaa bado haijaaminiana. Akashauri tusubiri. Mtoto, kwa kukosa elimu ya mifumo, akaendelea kulia.

Mganga alisikia, akatoka chumbani kwake, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. "Mama, ingia ndani," alisema. "Hao waache waaminiane taratibu."

Mama alipotoka na dawa, mtoto akiwa amelala, fundi naye alikuwa anatabasamu. Kumbe jina la ule mfumo unaotoa vyeti lilikosewa herufi moja, naye amelirekebisha. Nikampa hongera. Sasa kishikwambi chetu kinaaminika na kujulikana hadi mawinguni. Kilichobaki ni kukifundisha kumtambua mgonjwa.