Garsen yamwonea muhali fundi wake wa picha

Saa kumi na moja jioni, stesheni ndiyo kwanza inafungua matangazo. Ndani ya hoteli ya Mwanaarusi mjini Garsen, Bule Godhana amepiga magoti mbele ya televisheni, pua karibu iguse kioo. Mkono wake wa kulia uko nyuma ya sanduku, unazungusha nobu ya mwangaza polepole.

Mtangazaji anazidi kuwa mweupe. Kwanza yanapotea macho yake, kisha pua, mwishowe inabaki tai tu ikining'inia chini ya uso mweupe kama sahani ya unga.

"Sasa iko sawa?" Bule anauliza.

Wateja wanainamia vikombe vyao. "Sawa kabisa, fundi," anajibu Mwanaarusi, mwenye hoteli, huku akilitazama birika.

Si sawa. Kila aliyemo humu anajua si sawa, na kibaya zaidi ni kwamba Bule naye anajua.

Bule ana umri wa miaka arobaini na sita na anapofuka. Kwa miaka tisa ndiye aliyetengeneza picha za televisheni za mji huu na vijiji vya jirani: kugeuza antena ili chenga zitoke, kukoleza picha iliyofifia, kupunguza mwangaza uliozidi. Malipo ni shilingi hamsini kwa nyumba. Mwezi ukiwa mwema, hupata kama elfu mbili.

Hakuzaliwa na bisibisi mkononi. Ni Muorma, mwana wa wafugaji, na alichunga tangu utotoni hadi kiangazi kilipowamaliza.

"Ng'ombe yetu yote ilikufa," anasema. "Nikaenda Malindi, nikafagia duka ya fundi mmoja mpaka akanifundisha hii kazi. Nilirudi na bisibisi moja tu. Nikamwambia mke yangu, hii ndiyo ng'ombe yetu sasa."

Mvua za El Nino zilipofurika mwishoni mwa mwaka jana, televisheni nyingi zililowa na Bule akawa anaitwa kila upande. Alipoanza kuona giza pembeni mwa macho, alidhani ni uchovu. Barabara ya Malindi ilikuwa imekatika, na alipomfikia daktari, miezi ilikuwa imepita.

"Daktari alisema ni presha ya macho. Ile imeenda haitarudi. Ile imebaki nitie dawa kila siku."

Chupa moja ya dawa hiyo ni shilingi mia sita, inapopatikana.

Tangu hapo macho yake yanataka mwanga zaidi ili yaone, naye humpa kila mteja mwanga ambao macho ya fundi yanautaka. Jinsi macho hayo yanavyozidi kufifia ndivyo picha za Garsen zinavyozidi kuwa nyeupe.

Na Garsen, mji ambao watu wake hawajawahi kuafikiana kuhusu malisho wala mashamba, katika hili uliafikiana bila hata kikao. Hakuna aliyemwambia. Alishukuriwa, akalipwa, akasindikizwa hadi mlangoni, na alipopinda kona tu mwenye nyumba alirudisha nobu mahali pake.

"Nalimwonea muhali," anasema Mwanaarusi, mzaliwa wa Kipini. "Mtu mstaarabu, ana wana wa kulisha. Ningemwambiaje kuwa mato yake yamekwisha?"

Siri hiyo ilivunjika mwezi uliopita nyumbani kwa Kadzo, mkulima Mgiriama anayekaa karibu na soko. Bule alikuwa ameshaondoka, akakumbuka amesahau bisibisi, akarudi. Kadzo alikuwa tayari amepunguza mwangaza.

"Aliingia akasimama hapo," Kadzo anasimulia. "Akaniuliza, 'Mama, mbona mmezima TV?' Na TV iko wazi, picha nzuri kabisa! Nikamwambia betri imekufa. Hapo hapo TV ikaanza kuimba."

Kadzo anacheka, kisha anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Siku zilizofuata Bule alipita nyumba kwa nyumba akisingizia kuamkia watu, akipapasa nobu. Vidole vyake vilikumbuka alipoziacha. Zote zilikuwa zimerudishwa.

"Mimi nilifikiri nafanya kazi," anasema. "Kumbe nilikuwa naokota sadaka."

Akikumbushwa kwamba wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, Bule anatikisa kichwa. "Hao wahenga hawakuwa fundi wa TV."

Nyumbani kwake, televisheni ndogo inayotumia betri ya gari imewekwa mwangaza wote iliyo nao. Mkewe, Sabdio, huketi akiipa mgongo, akisuka mkeka.

"Ile taa inaniumiza kichwa," Sabdio anakiri mumewe akiwa nje. "Lakini Baba Asli anaona kidogo. Acha aone. Mimi nasikiliza tu."

Kombe la Dunia linaanza wiki ijayo. Mwanaarusi ameongeza mabenchi hotelini, na wateja wamemnong'oneza amwite fundi kutoka Malindi. Ameshindwa. Jioni hii amemwita Bule, kama kawaida, na kama kawaida amemwambia picha ni sawa.

Lakini safari hii Bule hainuki. Anamgeukia mwandishi wa makala haya, aliyeketi benchi la nyuma.

"Wewe ni mgeni, huna muhali na mimi. Niambie ukweli. Picha iko namna gani?"

Mwandishi anamwambia: ni nyeupe, uso hauonekani.

"Ahsante," anasema Bule, na kuanza kurudisha nobu. "Sasa?"

Bado.

"Sasa?"

Pua inatokea, kisha macho. Mwanaarusi anaweka birika chini. "Hapo, Bule," anasema, na safari hii anaitazama picha. "Hapo hapo. Wallahi picha ni ngema."

Bule anakitazama kioo kwa muda mrefu. Haoni kitu.

Anatoa tupa ndogo mfukoni, anapapasa, na kukwaruza alama mbili zinazoelekeana, moja kwenye nobu na nyingine kwenye sanduku. "Ikihama, rudisha hapa. Hakuna haja ya kuniita, Mama."

Huo ndio mpango wake: kutia alama kama hizo kwenye kila televisheni aliyowahi kuigusa, kutoka Garsen hadi Kipini, kabla macho hayajafungika. Akimaliza, hatakuwa na kazi. Anasema angalau hatadanganywa tena. Anachoomba ni macho yamngoje afike nyumba ya mwisho.

Na televisheni yake mwenyewe?

"Hiyo itangoja," anasema, akitafuta mlango kwa mkono. "Siku Sabdio ataona sura ya mtu vizuri kwa TV yetu, mimi nitakuwa nimeshaingia giza."